Mstari wa Mwisho wa Mkataba

Siku ya Mfalme mji wote wa Deventer, nchini Uholanzi, huvaa rangi ya chungwa, na kila mwenye kitu asichokitaka hukibeba akakitandaza barabarani akiuze. Siku hiyo hakuna anayeulizwa kibali wala kodi. Kazi ni kuwahi mahali tu, na mahali huwahiwa kwa chaki. Jana yake unachora mraba juu ya mawe, ndani yake unaandika PAMESHIKWA, kisha unakwenda zako kulala. Asubuhi utaukuta mraba wako ulivyouacha. Hakuna mtu atakayeukanyaga.

Basi mwaka ule alitokea mtu akaukanyaga.

Jorinde alifika saa moja asubuhi akisukuma baiskeli yake ya sanduku, imejaa makasha ya gemu za mitumba kutoka dukani kwake. Alivaa gauni la chungwa la marehemu mama yake, amelifupisha mpaka magotini, na chini viatu vya mvua. Baridi ilikuwa imempaka wekundu mashavuni. Katikati ya mraba wake alimkuta mwanamume mrefu kama ngazi ya mpaka rangi, amekaa kwenye kigoda kando ya sanduku la vitu vya zamani, sweta lake limeishia mbali na viganja, miwani imemteleza puani.

"Habari ya asubuhi, kaka. Umekaa kwangu."

"Kwako wapi?"

"Hapo chini ya makalio yako. Hebu inuka usome."

Mwanamume akainuka, akainama kama anayetafuta kifungo kilichodondoka. "Pameshikwa. J."

"J ni mimi. Jorinde."

"Niliiona, dada. Ila chaki haina nguvu ya kisheria. Barabara ni ya manispaa."

"Kisheria!" Jorinde akashika kiuno. "Pale kona yupo bibi aliyechora mraba wake juzi, jana kapelekwa hospitali, leo karudi kaukuta. Neno moja tu, na mji mzima unaliheshimu. Wewe umetokea wapi?"

"Utrecht. Mama yangu ndiye amehamia hapa."

"Ndiyo maana."

Mwanamume akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasogeza kigoda chake nje ya chaki, lakini si mbali. Jina lake Wouter, alisema, na hilo sanduku ni utoto wake, mama yake kaamua kusafisha darini. Jorinde akachungulia kwa jicho la biashara. Chini kabisa akaona kaseti ya gemu ya kijivu, imeandikwa WOUTER kwa herufi kubwa za mtoto.

"Hii bei gani?" wangeuliza wengine. Yeye aliuliza, "Hii unaiuza, au mama ndiye anayeiuza?"

"Naiuza. Euro nne."

"Mbili. Na nusu ya keki yangu."

"Nusu ipi? Yenye malai nyingi?"

"Usijivune, kaka, umekaa bure barabarani kwa watu."

Wakauziana. Kabla ya kuitia mfukoni Jorinde akamkazia macho. "Sasa ni yangu kabisa? Nikitaka kesho naiuza?"

"Ukishalipa ni yako. Ipande kwenye chungu ukitaka. Kitu ukishakiuza umekiuza."

Neno hilo lilimpendeza Jorinde, kwa sababu ndilo lililokuwa likimlisha. Duka lake dogo lilikuwa kichochoroni nyuma ya uwanja wa Brink, amelirithi kwa shangazi yake Riekje, ambaye bado aliishi ghorofani juu yake na bado alijiona ndiye mwenye duka. Watoto waliomaliza gemu zao walimletea diski, akawanunulia, akawauzia wengine kwa nusu bei. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

"Na wewe, unafanya kazi gani?" alimuuliza Wouter, midomo yao wote wawili ina sukari ya chungwa.

Wouter akasita. Katika kila karamu alipolijibu swali hilo, watu walikwenda kuongeza vinywaji wasirudi. "Naandika," akasema.

"Unaandika nini?"

"Maandishi marefu. Hakuna anayeyasoma hadi mwisho."

"Maskini!" Jorinde akamshika mkono. "Kumbe mshairi!"

Wouter akafungua kinywa amsahihishe. Lakini macho yale yalivyomwangalia, hakuna mtu aliyewahi kumwangalia mwanasheria hivyo. Akakifunga.

*

Ikaanza mipango ya simu. Asubuhi ilikuwa simu, mchana simu, na Jumamosi Wouter mwenyewe kwenye treni ya saa nne na mkate wa jibini mfukoni.

"Umeamka, mshairi wangu?"

"Nimeamka, laazizi."

"Umeandika nini leo?"

"Kurasa tatu. Sipendi hata moja."

"Ndivyo wanavyosema wote wenye kipaji. Njoo Jumamosi nikupikie supu ya njegere, kijiko kinasimama chenyewe."

"Nakuja kwa ajili ya supu tu."

"Na mimi nakupikia kwa sababu chungu kimekaa bure."

Jumamosi alikaa kwenye kigoda kando ya mashine ya hesabu, magoti yamegusa kidevu, akiwauliza watoto wamezitoa wapi diski zao na wanataka gemu gani. Alipiga picha rafu, alipiga picha Jorinde akiwa juu ya ngazi. Shangazi Riekje alimtazama siku tatu, ya nne akasema, "Mrefu huyu anafaa. Ameifikia balbu ya juu." Ile kaseti ya kijivu Jorinde aliiweka juu ya kaunta na kikaratasi kilichosema HAIUZWI.

Mwezi wa saba walilala kwenye majani kando ya mto IJssel, viatu wamevivua. Jorinde alikuwa na simu mkononi, kapakua gemu mpya ya kampuni iitwayo Noorderhaas, na kabla ya kugusa kitufe cha "Nakubali" alikuwa anasoma mkataba wa leseni. Wote.

"Mpenzi, hakuna anayesoma huo," Wouter akasema, na sauti yake ilikuwa na kikohozi.

"Mimi nasoma kila kitu, hata karatasi ya dawa. Kurasa arobaini na tatu! Sikiliza: eti nimelipa, lakini sijanunua. Nimeruhusiwa. Siwezi kuiuza, siwezi kuigawa, nikifa inakufa nami. Aliyeandika hii, Wouter, hajawahi kupendwa."

Wouter akang'oa jani, akalitafuna. "Labda sasa anapendwa."

"Mtu kama huyo? Na nani?"

Angesema siku ile. Alikuwa ameshavuta pumzi kabisa. Lakini ikapita boti, watoto wakawapungia mkono, nao wakawapungia, na neno likapita na boti.

*

Mwezi wa kumi na moja ulipoanza ilifika siku ya kuzaliwa ya Shangazi Riekje. Watu wakakaa duara, kila aliyeingia akawapa pongezi wote mmoja mmoja, hata paka. Baada ya keki ikaletwa kofia yenye vikaratasi. Kila mtu alichota jina la mtu atakayemtengenezea zawadi jioni ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe tano Desemba, zawadi ya kuunda kwa mikono na shairi juu yake. Jina ulilochota ni siri, na ukishalichota hakuna kurudisha, hata ugombane na nani.

"Mwaka huu angalau kutakuwa na shairi moja la maana," Shangazi akasema. "Bwana Evert kila mwaka ananiletea vina vya mkate."

"Mkate una vina vingi," akajibu Bwana Evert, mwoka mikate wa jirani, bila kuona haya.

Wouter akafunua kikaratasi chake. JORINDE. Mashairi! Hajawahi kuandika hata kadi.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, aliingia dukani na keki ya tangawizi chini ya kwapa, akamkuta Jorinde amesimama kaunta bila tabasamu, karatasi mkononi.

"Barua gani hiyo, kipenzi?"

"Ya Noorderhaas. Wanasema niache kuuza diski zao za mitumba. Zote. Niweke saini ya kuahidi, ifike kabla ya tarehe sita Desemba, la sivyo mahakamani." Akanyoosha kidole rafuni. "Wouter, nusu ya rafu ni zao. Nikiziondoa sina duka. Sikiliza wanavyosema: 'Mteja hapewi umiliki, bali leseni binafsi, isiyo ya kipekee...'"

"...isiyohamishika, na inayoweza kufutwa wakati wowote," midomo ya Wouter ikamalizia, kama mtu anayeitikia sala aliyoikariri.

Jorinde akatazama karatasi, akamtazama Wouter, akatazama tena karatasi.

"Wewe umejuaje?"

"Jorinde..."

"Umejuaje mstari unaofuata?"

"Niliuandika mimi. Nafanya kazi kwao. Mimi ni mwanasheria wao. Mikataba ni mimi. Hata ule wa kando ya mto."

"Si mshairi."

"Si mshairi."

Jorinde akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Ndiyo maana ulikuwa unawauliza watoto diski zimetoka wapi. Ndiyo maana ulikuwa unapiga picha rafu zangu. Miezi saba! Nakupikia supu, kumbe nampikia mpelelezi!"

"Sikujua barua hii imetumwa kwako! Niliiandika mwaka juzi, kwa mambo mengine kabisa..."

"Toka, Wouter."

"Nipe dakika moja nieleze."

"Ulikuwa na miezi saba ya kueleza. Toka, na keki yako."

Akatoka. Keki aliiacha mlangoni, Shangazi akaiokota, kwa sababu keki haina kosa. Jorinde akabandua kikaratasi cha HAIUZWI, akaitupa kaseti ya kijivu ndani ya kasha la vitu vya senti hamsini. Jumatano akaja mama mmoja mwenye koti la kijani, akainunua, akaomba risiti. Jorinde aliiandika bila kumtazama usoni, maana macho yalikuwa yamejaa machozi.

*

Simu ya duka ililia asubuhi, mchana na jioni.

"Shangazi, naomba kuongea na Jorinde."

"Ameniambia nikwambie hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yupo hapa mbele yangu anakula mkate."

"Shangazi!" ikasikika sauti ya Jorinde.

"Mimi siwezi kusema uongo kwenye simu, inalipiwa. Sikiliza, kijana. Umemuudhi sana. Usipige simu. Fanya kitu."

Wouter akafanya. Jumatatu aliingia kwa mkuu wake, Bi Dekkinga, mama wa nywele fupi nyeupe na hereni kubwa, akaiweka barua mezani.

"Barua hii imepelekwa kwa nani?"

"Maduka thelathini na moja. Nzuri sana, umeiandika wewe."

"Niliiandika kwa watu wanaouza akaunti, Bi Dekkinga. Gemu za kupakua, ambazo ziko kwetu na mteja tunampa ruhusa. Hata hizo watu bado wanashindana nasi mahakamani. Lakini hawa wanauza diski. Diski tuliiuza wenyewe, tukapokea pesa. Ikishauzwa ni mali ya mtu, sheria inasema hivyo, na hata tukiandika kurasa mia haibadiliki. Nani aliichukua barua yangu akaibandika kwenye diski?"

Bi Dekkinga akavua miwani. "Ofisi ya mauzo. Wanasema mitumba inatula. Kati ya maduka hayo, kumi na manane yameshaweka saini."

"Kwa sababu wameogopa. Hawana pesa ya wakili. Tunawatisha kwa kitu tunachojua hatuna."

"Na nikikataa kuifuta?"

"Basi litoe jina langu, na mimi mwenyewe nitoe pamoja nalo. Duka moja likienda mahakamani tutashindwa, na nitakuwa upande wa pili wa chumba."

Bi Dekkinga akaikunja ile barua. "Niambie kweli, Wouter. Unapigania duka au mwenye duka?"

"Duka. Mwenye duka hapokei simu zangu."

Bi Dekkinga hakutaka kucheka, lakini hereni zilitikisika. "Nipe wiki moja."

*

Tarehe tano Desemba jioni ilinyesha manyunyu. Ghorofani kwa Shangazi Riekje kulikuwa na moto, biskuti ndogo za viungo zimemwagwa mezani, na kila sahani ina herufi ya chokoleti ya mwenyewe. Kwenye sahani ya nne ilikaa W, Shangazi alikuwa ameshainunua na alikataa kuirudisha dukani. Jorinde alivaa gauni jeusi la kola nyeupe, nywele kazibana kama anayekwenda mazishini, na kando ya J yake aliweka ile karatasi ya ahadi na kalamu.

"Kesho asubuhi naweka saini, nawapelekea," alisema. "Nifunge rafu, nitafute kazi."

"Kesho ni kesho," akasema Shangazi. "Leo kula."

Saa kumi na mbili na nusu mlango wa chini ukagongwa kwa kishindo, mara tatu. Bwana Evert akashuka, akarudi na gunia. Hapakuwa na mtu, alisema, huku akitazama dari.

Ndani ya gunia mlikuwa na duka la karatasi ngumu. Lilikuwa limeinama upande, gundi imetiririka, lakini rafu zilikuwepo, na ngazi, na juu ya ngazi kidoli chenye gauni la chungwa. Ndani ya duka ilikaa kaseti ya kijivu na risiti yake, na bunda la karatasi limefungwa kwa utepe.

Jorinde akajua. Akataka kulirudisha gunia chini.

"Desturi ni desturi," akasema Shangazi. "Kila shairi husomwa kwa sauti."

Jorinde akafungua. "Hili si shairi. Ni mkataba. Kurasa kumi na nne."

"Ruka mwisho," akasema Bwana Evert, akichungulia dirishani kwa wasiwasi. "Supu inapoa."

"Mimi siruki." Na akaanza, kwa sauti ya baridi. "'Mkataba huu ni kati ya Wouter, ambaye humu ataitwa Mjinga, na Jorinde, ambaye humu ataitwa Jorinde, kwa kuwa halikupatikana jina zuri kuliko hilo. Kifungu cha kwanza. Mjinga si mshairi. Alinyamaza siku moja kwa sababu ametazamwa vizuri, na kila siku iliyofuata kusema kulizidi kuwa kugumu. Kifungu cha pili. Mjinga hakupeleleza. Alikuja kwa ajili ya supu. Kifungu kidogo cha kwanza: hilo nalo si kweli, alikuja kwa ajili ya mpishi.'"

Shangazi akakohoa kwenye leso.

"Ruka, dada, ruka," akaomba Bwana Evert. "Mvua inazidi."

"Mvua inakuhusu nini, uko ndani? Kifungu cha sita..." Akasoma cha sita, akasoma cha saba, kila kifungu sauti ikipoteza baridi kidogo. "'Kifungu cha tisa. Kaseti iliyomo imenunuliwa dukani kwako na mama yangu, senti hamsini. Niliiuza, ukaiuza, mama akainunua, nakupa. Hakuna mmoja wetu aliyemwomba mtu ruhusa. Kifungu cha kumi. Hayo ndiyo niliyomwambia mkuu wangu. Soma kiambatisho.'"

Kiambatisho kilikuwa barua yenye muhuri wa Noorderhaas. Jorinde aliisoma mara mbili kimya kimya kabla ya kuisoma kwa sauti. Madai yamefutwa kwa maduka yote thelathini na moja. Saini zilizokwisha kutolewa zimerudishwa. Samahani kwa usumbufu. Aliichukua karatasi ya ahadi iliyokuwa kando ya sahani, akaichana vipande vinne, akamtupia paka.

"Sasa ruka mwisho!" wakasema wote wawili.

"Nimewaambia siruki!" Na machozi yanamtiririka, akasoma cha kumi na moja, cha kumi na mbili, mpaka cha ishirini na moja. "'Moyo wa Mjinga hautolewi kwa leseni. Umetolewa moja kwa moja, na kitu kikishatolewa kimetolewa. Jorinde anaweza kuuweka, au kuutupa. Anaombwa tu asiuuze kwenye kasha la senti hamsini. Kifungu cha ishirini na mbili, mstari wa mwisho. Kama umefika hapa, wewe ni mtu wa kwanza duniani kumaliza maandishi yangu. Niko chini, kibarazani kwa Bwana Evert, tangu nilipogonga. Nauliza kama utakubali tuoane.'"

Kiti kikaanguka. Chini dukani, kwenye droo ya kaunta, Jorinde alichukua kitu akakifumbata.

Wouter alikuwa chini ya turubai ya mwoka mikate, koti limelowa mabega, pua nyekundu, meno yanagongana.

"Umeisoma yote?"

"Yote."

"Dakika arobaini, Jorinde."

"Ungeandika fupi."

"Sijui kuandika fupi."

"Basi ngoja nikuonyeshe." Akapiga magoti juu ya mawe makavu, na gauni lake jeusi.

"Hapana, inuka, mimi ndiye ninayepaswa kupiga..."

"Tulia hapo. Usinyanyue mguu."

Akafungua kiganja. Ilikuwa chaki ya ubao wa duka. Akachora mraba kuzunguka viatu vya Wouter vilivyolowa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na mbele ya vidole vyake akaandika kwa herufi kubwa: PAMESHIKWA. Chini yake, J.

Wouter akasoma. Meno yakaacha kugongana. "Hiyo haina nguvu ya kisheria, laazizi."

"Toka basi."

Hakutoka. Alinyosha mikono, akamvuta ndani ya mraba, na mraba ulikuwa mdogo, ikabidi wakae karibu sana. Juu dirishani Bwana Evert alipiga makofi, na Shangazi Riekje akapaza sauti kwamba herufi ya W inayeyuka karibu na moto, anayeitaka apande.

Mvua ile ilinyesha mpaka alfajiri, ikaosha kichochoro chote, isipokuwa chini ya turubai. Asubuhi watu walikuja kununua mkate kama kawaida, wakapanga foleni, wakafika pale, wakasoma. Na mmoja mmoja wakauzunguka mraba.